Kabla hujamwita mtoto mzito

Nafundisha Darasa la Kwanza wilayani Chamwino, mwaka wa 19 huu. Nilipokuwa mgeni kazini nilimsimamisha kijana mmoja ukutani karibu wiki nzima kwa sababu nikimwita haitiki. Bibi yake akaja, akanisalimu vizuri, kisha akasema, "Mwalimu, huyu sikio la kulia linatoka usaha tangu anatambaa." Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Tangu hapo, kila Januari naanza na masikio na macho. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zinangoja.

Masikio: simama nyuma ya mtoto hatua tatu, taja kwa sauti ya chini vitu anavyovijua, mbuzi, kibuyu, mlenda, naye arudie. Rudia huku ameziba sikio moja, halafu la pili. Asiyesikia upande mmoja aketi mbele, sikio zima likuelekee.

Macho: chora herufi E ya urefu wa sentimita 2 kwenye kadibodi, pima mita 6 uwanjani. Igeuze juu, chini, kushoto, kulia. Mtoto aoneshe kwa vidole vitatu miguu ya E imeelekea wapi. Jicho moja moja. Anayekosea kila mara, mwite mzazi, waende zahanati. Mwenye macho mekundu yasiyokauka tongotongo asingoje hata kipimo. Trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, tunaijua huku, waulize wenzetu wa wilaya jirani ya Kongwa.

Wengi wanakuja na Kigogo kitupu, lugha ya nyumbani, wananyamaza wiki mbili, nasi tunaandika "mzito". Mimi nasimama mlangoni asubuhi, kila mmoja namwambia "mbukwa", salamu ya Kigogo, na jina lake. Kwetu ni Tukuyu, kwa hiyo Kigogo changu wanakicheka sana. Waache wacheke. Mtoto aliyekwisha kumcheka mwalimu hamwogopi tena kumwomba ruhusa ya kwenda chooni.

Anayesinzia saa nne asubuhi, muulize pembeni jana jioni walikula nini. Miezi ya Januari hadi Machi vihenge vingi huku ni vitupu, mtama mpya bado uko shambani. Ndiyo maana kikao cha kuchangia uji tulikihamishia Julai, watu wakiwa wametoka kuvuna. Ukiomba debe la nafaka Februari unawafukuza wazazi shuleni.

Sasa anayelia, au aliyekuwa mchangamfu akabadilika ghafla. Usimuulize "unalia nini?" mbele ya watoto 87. Mpe kazi: afute ubao, akuchukulie chaki ofisini. Mapumziko yakifika keti naye chini ya mti, ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso, mpe kijiti achore mavumbini. Nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kwetu walimu. Akisema amefiwa, usimwambie asilie.

Akisema anapigwa au anaguswa vibaya, usimwahidi siri, huwezi kuitunza. Mwambie amefanya vizuri kusema. Usimhoji mara tatu tatu. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama ni ya Kigogo, pamoja na tarehe, na siku hiyohiyo mwone mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii. Ukiona mambo yanazungushwa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Kesho yake akifika mlangoni, "mbukwa" ileile, kwa sauti ileile, umtume chaki.