Kuhamisha kaseti za mwandishi wa Vita vya Kagera

Kaseti za mwandishi aliyeingia Uganda na JWTZ mwaka 1979 zimeshavuka miaka 40, na unyevu wa nyumba za kando ya ziwa, Kirumba au Igogo za Mwanza, hauzihurumii. Zihamishie kwenye kompyuta kwanza. Mahojiano na mzee mwenyewe, yaani huyo mwandishi, yatafuata.

Kagua kila kaseti kwenye mwanga mkali. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, ni ukungu. Usiicheze: utabaki kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, na kuhamia kaseti zinazofuata. Ifunge peke yake, mpelekee fundi. Iliyo safi ivunje vile vijipande viwili vya plastiki vya mgongoni, ili mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi asifute sauti. Kisha izungushe mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, maana utepe uliolala miaka mingi hugandana na sauti huyumba.

Hedi safisha kwa pamba na spiriti. Roli ya mpira inayovuta utepe, kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwa kuwa spiriti hukausha mpira. Rudia kila baada ya kaseti moja.

Waya utoke tundu la hedfoni la redio kaseti uingie kadi ya sauti ya USB. Tundu la maiki halifai, sauti hukwaruza. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, chagua mono, 44,100 Hz, biti 16, uhifadhi kama WAV: kaseti ya dakika 60 hula takriban MB 320. Kilele cha sauti kiishie desibeli -6. Kikigonga 0, maneno yaliyopasuka hayatengenezeki tena. Na tafadhali, nakala hii usiiondoe kelele. Ngurumo za magari na mizinga nyuma ya sauti ya mwandishi nazo ni ushahidi.

Sasa mchezee mzee dakika chache, usimamishe, umwache aseme. Tarehe huchanganyika kichwani, kwa hiyo uliza kwa njia: Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya, hadi Kampala iliyotekwa 11 Aprili. "Kabla ya hapa mlilala wapi, mzee?" hufungua mengi kuliko "Ilikuwa lini?" Bibi, mkewe, naye aulizwe: barua ipi ya mzee ilifika kabla ya ndege ya Libya, iliyomuunga mkono Idi Amin, kudondosha mabomu Mwanza mwishoni mwa Machi, na ipi baadaye? Habari za wenzake waliokufa mzee asiulizwe mbele ya wajukuu.

Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Majina ya waliouawa yasirushwe WhatsApp kabla familia zao hazijaambiwa.