Kupanga meno bandia kwa vipimo vya uso: kimo kwanza, umbo baadaye

Kwa mgonjwa asiyebakiwa na jino hata moja, umbo la jino huchaguliwa mwisho. Kwanza hutafutwa kimo cha sehemu ya chini ya uso meno yanapoumana, kisha upana wa meno ya mbele. Anayeanza na umbo hupata meno yanayopendeza mezani, ila midomo haifungi.

Mketishe mgonjwa wima, kichwa kisiegemee kitu. Tia nukta ya kalamu kwenye ncha ya pua na nyingine kidevuni. Alambe midomo, ameze mate, atamke "mama", kisha aache taya lipumzike. Pima kati ya nukta hizo kwa kalipa (kifaa chenye taya mbili cha kupimia umbali), urudie mara tatu, maana ngozi iliyolegea ya kidevu hudanganya. Toa milimita 2 hadi 4, yaani nafasi inayobaki kati ya meno taya likipumzika. Ukipata 68, kingo za nta za juu na chini (matuta ya nta yanayoshika nafasi ya meno kwa muda) zikutane kwenye 65 hivi.

Hakiki kwa uso wenyewe: kutoka katikati ya nyusi hadi chini ya pua kukaribiane na kutoka hapo hadi chini ya kidevu. Kanuni ya vitabuni hugawa uso mafungu matatu kuanzia penye nywele, lakini hapa Tanga fungu la juu halina msaada mkubwa. Bibi amejitanda ushungi, babu nywele zimerudi nyuma. Usimvue mtu ushungi kwa kipimo usichokihitaji.

Kisha mwambie ahesabu "sitini na sita, sitini na saba". Kwenye sauti ya S kingo zikaribiane kama milimita 1 bila kugusana. Zikigongana, kimo kimezidi: mgonjwa atarudi akilalamika misuli ya mashavu inauma na fizi zimechubuka, na mfupa chini ya sahani ya meno bandia utaliwa upesi. Kikipungua, kidevu husogelea pua, pembe za mdomo hukunjamana, hulowa mate hadi zikachanika na kushika fangasi.

Kwa upana, pima uso pale mifupa ya mashavu ilipoachana zaidi, ugawe kwa 16. Uso wa milimita 136 hutoa jino la kati la juu lenye upana wa 8.5. Kanuni nyingine hushusha mstari kutoka ubavu wa pua hadi ncha ya chonge. Kwa pua pana, kama zilivyo nyingi za kwetu, itakupa meno makubwa kupita kiasi. Afadhali pembe za mdomo uliotulia: upande wa nyuma wa chonge uishie hapo.

Uso wa mbele wa meno ya kati ukae milimita 8 hadi 10 mbele ya kile kinundu cha ufizi kilicho nyuma yake. Ukiyarudisha juu kabisa ya ufizi uliobaki, mdomo wa juu utabonyea, kwa sababu mfupa huliwa zaidi kutokea mbele. Kwa kijana, milimita 1 hadi 2 za jino zionekane chini ya mdomo uliotulia. Kwa mzee, kidogo au zisionekane. Akisema "funga, fungua", ncha ziguse polepole pale mdomo wa chini unapoanza kuwa na majimaji.

Sasa umbo. Mwaka 1914 J. Leon Williams alieneza dai kwamba jino la mbele ni sura ya uso iliyopinduliwa: mraba, lililochongoka au la yai. Vipimo vya baadaye havikuliunga mkono sana, ila bado linafaa kama pa kuanzia. Picha ya zamani ya harusi akicheka ina thamani zaidi. Ya kitambulisho mdomo umefungwa. Na uulize kuhusu mwanya. Wengi wa pwani walioupata kwa kuzaliwa wanautaka urudi.

Joto la mchana ni adui wa nta. Tumbukiza kingo kwenye maji baridi kabla ya kila jaribio, na usizipeleke kwa fundi ndani ya mfuko uliopigwa jua kwenye bodaboda. Kingo zikipinda milimita 1, kimo chote kimepotea. Meno yakiwa bado kwenye nta, mgonjwa ajitazame kwa mwanga wa mchana akiwa na mtu wa nyumbani kwake. Wakikubali ndipo ipikwe akriliki, plastiki ngumu ya meno bandia, maana baada ya hapo utabaki na kusaga tu.