Namna ya kuchunguza maadhimisho ya Mkwawa

Ukichunguza sherehe za kumkumbuka Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa aliyepigana na Wajerumani, anza na tarehe, hotuba zije baadaye. Chora jedwali, kisha uandike siku nne: 17 Agosti 1891, Wahehe walipokiteketeza kikosi cha Zelewski, kamanda wa Kijerumani, kule Lugalo, 30 Oktoba 1894, Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoanguka, 19 Julai 1898, Mkwawa alipojiua, na 19 Juni 1954, fuvu lake lilipokabidhiwa Kalenga. Kila sherehe unayoichunguza iweke chini ya siku iliyochaguliwa na waandaaji. Wa Lugalo wanamtaka mshindi, wa Julai wanamtaka aliyekataa kukamatwa. Ukizichanganya Lugalo na Kalenga, kosa la kawaida, jedwali zima linapotea.

Siku ya 1954 ichimbe zaidi. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliipa Ujerumani miezi sita kurudisha fuvu. Ikapita miaka 35. Aliyelikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ni Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, siku 18 tu kabla ya kuzaliwa TANU, chama kilichodai uhuru. Kwa hiyo tafuta nani alialika, nani alihutubia na aliwaomba nini wenyeji. Na katika daftari andika "fuvu lililokabidhiwa": lilichaguliwa kati ya mafuvu mengi huko Bremen kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu zake, ushahidi mwembamba.

Sasa mtafute asiyetajwa. Aliyeziunganisha himaya ndogo za Uhehe ni Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliyefariki 1879. Hakupigana na Mjerumani, wala hakuna fuvu lake la kudai, basi sifa ya mwasisi imemtelezea mwanawe.

Kwa wazee, ulizia habari za Munyigumba kwanza, tena kabla hamjaingia makumbusho ya Kalenga. Mkishatoka, majibu hufuata maelezo ya ukutani. Wazee watatu wakikupa sentensi ileile, usiwahesabu mashahidi watatu. Fungua kitabu cha historia cha shule, mara nyingi utaikuta humo.

Mwisho nenda Lugalo yenyewe. Mnara uliopo ni wa Zelewski na wenzake, ulisimamishwa na Wajerumani. Jina la Lugalo sasa liko pia kwenye kambi ya jeshi Dar es Salaam. Piga picha mnara pande zote, pamoja na kilichoongezwa kando yake, maana hapo walioshindwa ndio waliotangulia kujiwekea kumbukumbu.