Kuifufua Injini Ndogo ya Dizeli ya Ndege ya Modeli Iliyokwisha Kutumika

Injini hizi huitwa dizeli kwa mazoea tu, kwa kuwa hazina pampu wala nozeli. Mafuta huchanganyika na hewa kwenye kabureta, kisha mchanganyiko huo hugandamizwa ndani ya silinda mpaka joto lake liiwashe etha iliyomo (kimiminika chepesi kinachoshika moto upesi), pasipo plagi wala betri. Jambo la pekee ni kwamba kiasi cha mgandamizo hurekebishwa na mtumiaji mwenyewe: juu ya silinda imekaa pistoni ya pili, fupi, isiyounganishwa na krenki (shafti inayozungusha propela), ambayo husukumwa chini kwa skrubu yenye kijiti cha kuzungushia. Nyingi zinazopatikana leo mikononi mwa watu zilitengenezwa Uingereza, kama vile Mills, ED na PAW ya Macclesfield, na kwa uzoefu wangu, nyingi zinazouzwa kwa jina la mbovu hazina ubaya wowote ila mafuta ya nyonyo yaliyoganda ndani.

Kwa hiyo injini ikifika mkononi mwako haizunguki, usiilazimishe. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya injini ya sentimita ya ujazo moja ni nyembamba mno, na pistoni iliyonata ikivutwa kwa nguvu hupinda konrodi kabla ya kuachia. Ya kwanza niliyoinunua niliibana shafti kwa plaizi. Ilizunguka, naam, lakini tangu siku hiyo iligonga kila ilipofika juu, na nilipoifungua nikaiona konrodi imejipinda kama msumari uliopigwa vibaya.

Anza kwa kulegeza skrubu ya mgandamizo mzunguko mmoja, baada ya kuandika mahali kijiti kilipokuwa kimeelekea. Mafuta ya nyonyo huyeyuka katika spiriti, ilhali mafuta ya taa peke yake huyagusa kidogo tu. Ndiyo maana wanaoiloweka injini katika mafuta ya taa wiki nzima huishia kukata tamaa. Tia spiriti kwenye mdomo wa kabureta na kwenye matundu ya kutolea moshi, iache usiku mzima, kisha imwage na uiache injini ikauke kabisa mahali penye hewa. Baada ya hapo tia matone ya mafuta mepesi ya mashine, uipashe kwa draya ya nywele mpaka usiweze kuishika kwa muda mrefu, ndipo uisukume propela taratibu, mbele kidogo na nyuma kidogo. Moto wa wazi usiutumie hata mara moja.

Ikishazunguka, isikilize. Pistoni za injini hizi kwa kawaida hazina ringi. Chuma kimesuguliwa hadi kikatoshana na silinda, na uzima wote wa injini umo katika kutoshana huko. Ukiwa umetia tone la mafuta, ipandishe pistoni hadi karibu na juu na uishikilie hapo. Injini iliyo nzima hukurudisha kama springi na hupoteza mgandamizo polepole. Mapovu yakitoka kwenye tundu la moshi, pistoni imelika, na hakuna dawa ila kubadilisha pistoni pamoja na silinda yake. Yakitoka kandokando ya skrubu ya juu, pistoni ya juu ndiyo inayovuja. Kisha lishike kasha la krenki lisisogee na uitikise propela juu na chini: uwazi mdogo katika beringi si kitu, lakini ukiwa mkubwa hewa itapenya kwenye kasha hilo na sindano ya mafuta (skrubu ya kabureta inayopima mafuta) haitakaa sawa kamwe. Kabla ya kulaumu beringi, hata hivyo, kagua gasketi ya kifuniko cha nyuma.

Pistoni ya juu yenyewe hujaribiwa hivi: legeza skrubu robo mzunguko, zungusha injini mara kadhaa, na mgandamizo uisukume pistoni hiyo ifuate skrubu. Skrubu ikibaki inacheza bure, pistoni imekwama. Pasha joto kichwa cha silinda tu, kwa kuwa silinda ikitanuka huiachia. Ikikataa, ondoa silinda na uisukume pistoni hiyo kutoka chini kwa kijiti cha mbao ngumu. Usijaribu kuikwamua kwa kuikaza skrubu zaidi, maana ikishuka kupita kiasi pistoni kuu itaigonga, na konrodi ndiyo italipa.

Kabureta huhitaji uvumilivu tu. Fungua sindano, safisha kitundu chake kwa spiriti na pumzi, na usikitoboe kwa waya wa chuma. Mrija wa silikoni uutupe, kwa sababu mafuta haya huuvimbisha; tumia wa neopreni.

Mafuta ya injini za zamani hutengenezwa kwa theluthi moja ya etha, theluthi ya mafuta ya taa na theluthi ya mafuta ya nyonyo. Etha si ya kuwasha tu. Ndiyo inayoyafanya mafuta ya nyonyo na ya taa yakubali kuchanganyika. Ukiona chupa yako imejitenga matabaka, etha imekwisha kuruka, na mafuta hayo hayawashi kitu. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za selsiasi na mvuke wake hutambaa chini, kwa hiyo ichanganye nje, mbali na jiko na sigara.

Wakati wa kuwasha, funga injini kwenye ubao imara, vaa glovu nzito, fungua sindano mizunguko miwili na nusu au mitatu, ziba kabureta kwa kidole na uzungushe mara mbili mafuta yafike. Kisha piga propela kwa nguvu. Ukihisi imegota ghafla, acha hapo hapo: mafuta yamejaa juu ya pistoni, na kimiminika hakigandamiziki. Legeza mgandamizo, geuza injini matundu ya moshi yatazame chini, yamwagike.

Ikishika kwa sekunde mbili na kuzima, haipati mafuta ya kutosha, basi fungua sindano zaidi. Ikirusha mkono wako nyuma, mgandamizo umezidi. Ikiwaka huku ikirukaruka na kutema mafuta mabichi, ongeza mgandamizo kidogo kidogo, kama upana wa dakika tano za saa, mpaka sauti iwe moja. Ikiendelea kutema, punguza sindano. Sehemu inayowachanganya wengi huja baada ya nusu dakika: injini imepata moto, inaanza kulemewa na kupungua kasi, na mtu hukimbilia sindano, kumbe inachotaka ni kulegezewa mgandamizo kidogo, kwa sababu silinda yenye joto huwasha mapema kuliko ilivyowasha ikiwa baridi.

Kuizima hakuna swichi. Bana mrija wa mafuta, iache imalize yaliyobaki, kisha tia matone mawili ya mafuta mepesi ya mashine kabla ya kuiweka kabatini, ili isigande tena kama ulivyoikuta.