Ukiunguza kanga ya kuazima

Usinunue kipande kimoja. Kanga ni doti, yaani vipande viwili, na ukiharibu kimoja umemwachia mwenyewe kile kingine bila mwenziwe.

Mimi niliazima ya shoga yangu kwenda msibani. Tukiwa uani tunapika, cheche ya mkaa ikaruka ikaitoboa kwenye mji, ile sehemu ya kati ndani ya pindo, tundu kama punje ya mahindi, ukingo mweusi. Nilitamani kuitia kiraka kimyakimya. Jioni ileile nikampigia: "Shoga, nisamehe, kanga yako nimeiunguza. Kesho nakuja nayo." Mwambie kabla hajaidai. Akiligundua tundu mwenyewe, hata doti tatu hazitamtuliza.

Dukani nenda na kile kilichoungua, ulinganishe pindo, rangi, na hasa jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Jina usibahatishe kabisa! Ukimpelekea unayemwomba radhi kanga yenye fumbo la kusuta, umeongeza kosa juu ya kosa. Ukilikosa lile lile, muulize anapenda lipi. Na kama ni kanga aliyoachiwa na marehemu mama yake, usiseme unalipa. Mwambie unajua hailipiki, na hii mpya ni ya kumwomba radhi tu.

Doti hutoka dukani vipande viwili vikiwa vimeungana. Ikate, mpe fundi aipinde, ifue itoke ukakamavu, ndipo uipeleke. Ile iliyoungua irudishe pia, ni mali yake. Shoga yangu ya kwake anabebea mtoto mpaka leo.