Hakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA
Kwa yeyote aliyesajili laini kwa wakala wa chini ya mwavuli, iwe Sabasaba au Majengo hapa Dodoma: piga *106#, fuata maelekezo ya kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha usome orodha yote, namba moja baada ya nyingine. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, kila laini hubeba jina la mtu, na jina hilo ndilo mchunguzi wa mawasiliano huliona kwanza. Wakala anayekuambia "haijasoma, weka tena kidole" huenda anasajili laini ya pili, ingawa mara nyingi ni jasho au vumbi tu. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, si kwa wakala, uombe ifutwe. Njia hii haifichi chochote kuhusu laini unayoitumia mwenyewe: kumbukumbu za simu ulizopiga na minara uliyopitia hubaki kwa kampuni ya simu, hata ukizima GPS, na vyombo vya dola vinaweza kuziomba kwa mujibu wa sheria.