Flashi juani: picha za saa saba mchana Dodoma bila macho kuwa mashimo

Wadau, swali naloulizwa kila wikiendi ni hili, jua lote hili flashi ya nini? Angalia picha yoyote iliyopigwa saa saba mchana bila flashi: paji la uso linang'aa kama sufuria mpya, macho mashimo mawili, chini ya pua kivuli kama sharubu, na huyo ni bibi harusi. Hapa kwetu jua linafika utosini kama saa sita na nusu, na mwanzoni mwa mwezi wa tatu au mwezi wa kumi linakaa juu ya kichwa kabisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Najua utasema tungoje saa kumi na moja mwanga ulainike. Ngoja we, ibada imeisha saa saba, gari zinapiga honi, maharusi wanataka Nyerere Skwea sasa hivi alafu wakapumzike kabla ya ukumbini.

Vifaa vyangu ni vichache. Flashi moja ndogo ya betri nne, ile ya kuchomeka juu ya kamera, iwe na manyuo, yaani pawa unaipanga mwenyewe. Stendi. Dumu la maji la lita 5, kazi yake utaiona. Na triga ya redio, kidude cha kuwasha flashi ikiwa mbali na kamera, hapo usibane hela, maana ile modi ya flashi kuwaka ikiona flashi nyingine imewaka ni nzuri ukumbini tu, ukitoka juani kijicho chake kinazidiwa na inagoma.

Hatua ya 1. Mtu alipe jua mgongo. Jua linamchora nywele na mabega, uso unabaki kivulini, na hakunji macho. Kama liko utosini kabisa msogeze ukingoni mwa kivuli cha mti au ukuta. Basi.

Hatua ya 2. Zima flashi. Ndio, zima, kwanza tunapanga anga. Kamera iwe manyuo, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, shata (muda wa mwanga kuingia) 1/200 ya sekunde, apacha (tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) f/11. Hizo namba zinatoka kwenye kanuni ya wazee wa filamu: jua kali, weka f/16 na shata ifanane na ISO, kwaiyo ISO 100 ni 1/100, ukipandisha shata kwenda 1/200 unafungua apacha stopu moja (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake) inakuwa f/11, mwanga ni ule ule. Piga moja. Anga imekaa, mawe ya mlimani nyuma yamekaa, mteja katoka mweusi tii. Safi, ndo tunachotaka. Kiangazi mimi huwa nashuka stopu moja zaidi hadi f/16, sababu vumbi linafanya anga ya Dodoma iwe nyeupe nyeupe, ukiishusha bluu inarudi. Usiamini kioo cha nyuma ya kamera, juani kila kitu kinaonekana cheusi, jifunike khanga kichwani uangalie vizuri au soma histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga wa picha. Watu watacheka, wacha wacheke.

Hatua ya 3. Usivuke spidi ya sinki, yaani shata ya kasi zaidi ambayo flashi bado inaangaza picha nzima. Kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, angalia ya kwako. Hili nimelilipia. Mahafali fulani, familia nzima imejipanga, mwenye joho katikati, mi nimeona picha zinaungua nikapandisha shata hadi 1/500 nikaendelea kupiga kwa raha zangu. Nyumbani nafungua kompyuta, watu kuanzia kichwani hadi kiunoni wanang'aa, kuanzia kiunoni kwenda chini wamefifia kama wamesimama kwenye tope. Mama mwenye shughuli akaniuliza, "Mwanangu, mbona huku chini tumekuwa giza?" Kilichotokea ni kwamba shata ina mapazia mawili, na ukienda kasi sana la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, kwaiyo flashi inawaka wakati sehemu ya sensa (kile kinachonasa picha ndani ya kamera) ishafunikwa. Ningefunga apacha tu badala ya kugusa shata, nisingerudisha hela ya watu.

Hatua ya 4. Washa flashi, alafu isogeze karibu. Hapa ndo wengi wanakwama, anaweka flashi mita tatu, fulu pawa, anaona haitoshi, anaanza kusema flashi ya kichina mbovu. Sio mbovu, iko mbali! Ukitoa flashi mita 3 ukaileta mita 1.5, mwanga unaomfikia mtu unakuwa mara nne, bure, bila kuongeza hata betri moja. Flashi yangu ikiwa wazi bila ambrela (mwavuli wa kulainisha mwanga), mita 1.5 kutoka usoni, f/16, ISO 100, nusu pawa inanitosha. Iweke juu kidogo ya macho yake, upande mmoja, ikimwangalia kwa mshazari. Ikiingia kwenye fremu we isogeze hadi itoke kidogo tu, hapo hapo iache. Uso ukiwa mweupe sana punguza pawa, usiguse kamera, anga ulishaipanga. Na shela uiangalie kwanza kuliko uso, nyeupe ikiungua hairudi hata upige RAW, lile faili ghafi la kamera.

Ukiwa na ambrela inakula stopu moja au mbili, kwaiyo sogea zaidi. Ila kwa upepo wa hapa ambrela inageuka tanga la jahazi na stendi inaondoka nayo. Dumu ndo linaning'inizwa kwenye stendi, chini kabisa, ligusane na ardhi kidogo lisibembee. Ukikosa dumu mpe mpambe mmoja ashike.

Hatua ya 5, kwa wanaotaka nyuma ipotee ukungu. Kwa f/16 haipotei. Njia moja ni HSS, modi ya flashi inayokuruhusu kuvuka spidi ya sinki, unaenda f/2.8 na shata 1/3200, lakini flashi ndogo inachoka sana, nguvu inayobaki ni kidogo na inachemka, ikifika hapo inajizima yenyewe mpaka ipoe. Mi napendelea kuvalisha lenzi miwani, yaani filta ya ND8, inakata stopu tatu: f/11 inakuwa f/4, shata inabaki 1/200, flashi inabaki na pawa ile ile uliyokuwa unatumia kwa f/11. Fokasi fanya kabla hujafunga filta kama kamera yako inahangaika gizani.

Kati ya pozi na pozi flashi ilaze kivulini, na maji ya kwenye dumu usimwage mpaka mwisho wa kazi, wapambe watayaomba tu.